Skype imezimwa jana. Sisi tuliowaweka wazee wetu ndani ya simu tujiandae vipi?

#1 Mwana wa Kihamba (Moshi), 6 Mei 2025
Wakuu salaam.

Jana tarehe 5 Mei Skype imezimwa rasmi. Microsoft walishatangaza tangu mwisho wa Februari, nikapuuza, maana sijaigusa tangu nimalize chuo. Jana usiku nikawasha laptop ya zamani nikaifungua. Nimekuta ujumbe unaniambia nihamie Teams, programu yao nyingine ya mikutano. Nimeukodolea macho mpaka chai ikapoa.

Kilichoniuma si Skype yenyewe. Mama yangu alifariki mwaka juzi. Hakupenda kuandika meseji, kila kitu alikituma kwa voisi. Voisi ya kuuliza kama nimekula, voisi ya kuniambia ndizi zimekomaa nitume mtu, voisi ya dakika nne akimlalamikia jirani ambaye ng'ombe wake wameingia kwenye mahindi. Zote zilikuwa kwenye simu moja. Machi mwaka jana simu ikanitoka mfukoni ikadumbukia kwenye pipa la maji, haikuwaka tena mpaka leo. Bekapu sikuwahi kuweka. Sina sauti yake hata moja.

Sasa hoja yangu. Yahoo Messenger ilikufa, BBM ikafa, Google+ ikafa, jana Skype. Hii WhatsApp tunayoweka maisha yote humo, miaka 20 ijayo itakuwepo? Na ikiwepo itakuwa ya bure? Mimi nasema hapana kwa yote mawili. Anayebisha aje na sababu.

#2 Dada Mchana, 6 Mei
Pole sana kaka kwa mama. Nafuatilia uzi.

#3 Nahodha wa Kivukoni (Dar), 6 Mei
Pole mkuu. Ila kwenye hoja nakubishia. Juzi juzi tu hapa Zuckerberg, bosi wa Meta wenye WhatsApp, kasema watumiaji wa WhatsApp kwa mwezi wamevuka bilioni 3. Huwezi kuilinganisha na BBM, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa lazima uwe na BlackBerry ndipo uipate. Hapa mtaani kwangu fundi bomba yuko WhatsApp, mwalimu wa mtoto yuko WhatsApp, kamati ya harusi iko humo, mchango wa msiba unaorodheshwa humo humo. Watu wote hao watahamaje?

#4 Mzee wa Kaseti, 7 Mei
@Nahodha, hawahami wote pamoja kama kundi la nyumbu. Anahama huyu, kesho yule, mpaka siku moja unafungua unakuta majina yote ni ya kijivu.

Mwaka 2004 nilikuwa nashinda kwenye intaneti kafe moja pale Posta. Kompyuta kumi na kitu, feni moja, na kila skrini ina kile kiuso cha njano cha Yahoo Messenger. Ungesimama katikati ya chumba ukatangaza kwamba kitu hiki kitazimwa, wangekutoa nje. Kilizimwa tarehe 17 Julai 2018, na mimi nilikuja kujua baadaye kabisa. BBM 31 Mei 2019. Google+ Aprili 2019. Kingine mnachosahau: MSN Messenger ilipokufa mwaka 2013, waliotufungia ndio walituambia tuhamie Skype. Sasa Skype nayo tunaambiwa tuhamie Teams. Tumehamishwa mara mbili na mwenye nyumba yule yule.

#5 Kibarua wa Msimbo (Arusha), 7 Mei
Niweke historia sawa kidogo, maana naona watu wanaandika kana kwamba Microsoft ndio walioizaa Skype. Ilianza 2003. Waanzilishi ni Niklas Zennström wa Sweden na Janus Friis wa Denmark, lakini programu yenyewe iliandikwa na vijana wa Estonia. eBay wakainunua 2005 kwa dola bilioni 2.6, wakaja kuuza sehemu kubwa 2009, na Microsoft wakaichukua 2011 kwa dola bilioni 8.5.

Kilichoiua kwa maoni yangu ni jinsi ilivyojengwa. Mwanzoni haikutegemea seva kubwa za katikati. Kompyuta za watumiaji zenyewe ndizo zilizokuwa zinabebeana simu. Ukiwa na kompyuta nzuri na intaneti ya kasi, ya kwako iligeuzwa kituo cha kupitishia mazungumzo ya watu wengine. Kwa kompyuta ya mezani iliyochomekwa umeme hilo halina tabu. Kwa simu ya mkononi ni msiba, betri inakwisha na bando linakwisha. Ikabidi waibomoe na kuijenga upya juu ya seva. Wakati wanahangaika na ujenzi, WhatsApp imeshapita.

#6 Mkaazi wa Hamburg, 7 Mei
Kibarua nakuheshimu lakini hapo sikubaliani nawe. Ujenzi upya ulikuwa umekwisha muda mrefu kabla ya corona. Machi 2020 dunia nzima inatafuta pa kuonana kwa video, Skype ilikuwa na watu milioni 40 kwa siku, jina linajulikana mpaka kwa mashangazi. Bado watu walikimbilia Zoom. Kwa nini? Kwa sababu Microsoft walikuwa na Teams na nguvu zote waliziweka huko. Fahali wawili hawakai zizi moja. Skype haikufa kwa ubovu, ilinyimwa majani.

Nawaambia kwa uchungu kwa sababu mimi Skype imenioza mke. Miaka miwili tukizungumza Hamburg na Tanga kila Jumapili, yeye kwenye kompyuta ya kaka yake, picha inaganda mdomo ukiwa wazi.

#7 Nahodha wa Kivukoni, 7 Mei
@Mkaazi hapo kwenye mdomo kuganda nimekuelewa 😂 Shemeji anajua umemwanika humu?

#8 Mkaazi wa Hamburg, 7 Mei
Anasoma hapa begani kwangu. Anasema mdomo uliokuwa unaganda ni wangu.

#9 Binti Makunduchi (Muscat), 8 Mei
Assalaam aleikum. Nyie wa huko mnajadili programu ipi nzuri na ipi mbovu. Sisi wa huku Ghuba swali ni ipi haijazuiwa. Nipo Muscat tangu 2012. Mpaka corona ilipoingia mwaka 2020 ndipo walipofungulia Zoom, Google Meet na ile Skype ya kazini. Ndugu zetu wa Dubai mpaka leo simu ya WhatsApp haipiti, wanatumia Botim. Kwa hiyo kuna kifo kingine cha huduma hamjakitaja: inaweza kuwa nzima, ina afya, na bado mahali ulipo haipo, kwa sababu kampuni za simu nazo zinataka kuuza dakika zao.

Mama yangu yuko Makunduchi ana programu tatu za kupigiana simu na mimi. Majina hayajui. Ananiuliza, "Leo tunazungumza kwenye ya kijani au ya buluu?" Hiyo ya buluu ikija kuzimwa nitamuelezaje?

Na mtoa mada, Mungu amrehemu mama. Hilo la sauti limenikaa kifuani tangu jana.

#10 Kijana wa Nyakato (Mwanza), 8 Mei
Wote mmezunguka mbuyu. Kinachoamua hapa kwetu ni bando. Miaka ile tuliponunua vifurushi vya mitandao ya kijamii, WhatsApp na Facebook zinafunguka wakati tovuti nyingine zote zimekataa, mtu angeanzaje kutumia Skype? Watu hawakuchagua WhatsApp kwa uzuri, walichaguliwa na salio. Siku bando la WhatsApp likipanda na kitu kingine kikawa rahisi, mtaona watu wanavyohama.

Halafu kuna waliobaki nyuma bila mtu kuwasemea. Smart Kitochi zilipokuja 2019, zile zinazoendeshwa na mfumo wa KaiOS, wazazi wetu wengi ndipo walipoionja WhatsApp kwa mara ya kwanza, maana simu ilikuwa bei ya kitochi. Juni 2024 WhatsApp ikaondolewa kwenye duka la KaiOS. Simu bado inapiga, tochi inawaka, redio inasema, ila mlango ule umefungwa. Nahodha, hawa hawamo kwenye bilioni 3 zako?

#11 Nahodha wa Kivukoni, 8 Mei
Hapo kwa wenye vitochi umenishika, nakubali. Ila kwamba watu watahama kwa bando, sikubali. Kundi la ukoo haliwezi kuhama kwa sababu ya shilingi mia tano.

#12 Mwana wa Kihamba, 9 Mei
Asanteni wote mlionipa pole. Nimesoma kila neno. Sasa tuingie kwenye vitendo: nyie mnahifadhi wapi? Nina picha za msiba na video za watoto, na nimeanza kuogopa.

#13 Tumbili wa Amboni (Tanga), 9 Mei
Usiweke Google mkuu! Wanafuta akaunti, na picha za bure walishaanza kuzifuta tangu 2021.

#14 Mwalimu wa Kisauni (Mombasa), 9 Mei
@Tumbili, hebu tusitiane hofu kwa habari nusu. Mambo ni matatu tofauti na wewe umeyachanganya.

La kwanza, Google Photos ilianza 2015 na picha za ubora ule wa kubanwa zilikuwa bure bila kikomo. Tarehe 1 Juni 2021 ndipo walipobadilisha, na kuanzia siku hiyo kila picha mpya inahesabiwa ndani ya GB 15 ambazo unagawana na Gmail na Drive. Zile zilizobanwa na kupandishwa kabla ya tarehe hiyo hazihesabiwi. Hakuna aliyezifuta.

La pili, akaunti kufutwa. Hilo ni kweli, tangu Desemba 2023 akaunti ya Google ambayo haijaguswa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Dawa yake ni kuifungua mara moja moja. Kwenye mipangilio kuna mahali pa kuandika mtu wa kupewa vitu vyako ukinyamaza kwa miezi kadhaa. Mimi nimemwandika binti yangu wa kwanza. Ilinichukua muda wa kunywa kahawa moja.

La tatu ndilo linalowauma wengi bila kulijua. Tangu mwisho wa 2018 bekapu ya WhatsApp kwa Android ilikuwa haihesabiwi kwenye nafasi yako ya Google. Mwaka jana ikaanza kuhesabiwa. Ndiyo maana watu wengi ghafla wanaambiwa nafasi imejaa ilhali hawajaongeza chochote. Mtu akiona hivyo anazima bekapu ili Gmail ifanye kazi, na hapo ndipo anapobaki uchi.

#15 Tumbili wa Amboni, 9 Mei
Nimesahihishika mwalimu. Shukrani. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonipata kumbe, na mimi nilizima kweli.

#16 Mzee wa Kaseti, 10 Mei
Mwalimu umeeleza vizuri ila tazama unachokisema: bure, halafu bure kwa masharti, halafu lipia. Hilo ndilo jibu la mtoa mada. Walitupa nafasi mpaka tukaacha kusafisha picha, kisha wakaweka mita. Flickr nao mwaka 2019 waliwawekea watu wa bure kikomo cha picha 1,000. MySpace wakasema mwaka huo huo kwamba nyimbo zilizopandishwa kabla ya 2016 zimepotea wakati wa kuhamisha seva. Miaka kumi na mbili ya kazi za wanamuziki. Kaseti zangu za taarabu za 1987 bado zinalia. Zinakwaruza, lakini zinalia.

#17 Kibarua wa Msimbo, 10 Mei
@Mzee zinalia kwa sababu hazijaoza bado. Utepe nao una umri wake. Zihamishe mapema, nakusihi kabisa, redio ya kaseti ikifa leo vipuri utavipata wapi?

#18 Mzee wa Kaseti, 10 Mei
Vipuri ninavyo. Ila nimekusikia.

#19 Saida wa Gongo la Mboto, 11 Mei
Mimi niongeze la namba za simu. Kaka yangu alikaa gerezani kikazi, ni askari, sehemu haina mtandao. Laini yake ikakaa kimya miezi mingi. Kampuni ya simu, siitaji, ikaigawa namba ile kwa mtu mwingine. Siku moja tunaona kwenye kundi la familia "kaka" kabadilisha picha, kaweka ya msichana mwenye mwavuli. Binti wa watu hakuwa na kosa lolote, kanunua laini dukani kihalali na kwa alama za vidole. Tulimtoa kundini kwa heshima. Lakini jiulizeni, nywila ngapi za benki na barua pepe zinarudishwa kwa kutumiwa meseji kwenye namba?

#20 Mwalimu wa Kisauni, 11 Mei
Dada Saida ni kweli kabisa. Nyongeza: WhatsApp wenyewe wanafuta akaunti isiyotumika kwa siku 120. Wekeni ile PIN ya tarakimu sita, na barua pepe pembeni yake. Sekunde thelathini.

#21 Kijana wa Nyakato, 12 Mei
Mimi mambo ya seva za watu siyataki. Nimenunua flashi ya TB 2 kwa machinga, elfu ishirini na tano. Nimeweka kila kitu.

#22 Fundi Saketi (Kariakoo), 12 Mei
@Kijana wa Nyakato ukisoma hapa simama hapo hapo, usifute kitu kwenye simu yako!

Hakuna flashi ya TB 2 ya elfu ishirini na tano. Nazifungua kila wiki. Ndani unakuta kipande cha GB 8 au 16, na ile chipu inayoiongoza imedanganywa iiambie kompyuta kwamba ni TB 2. Unakopi, inakubali, majina ya mafaili yote unayaona. Ikishajaa uwezo wake wa kweli inaanza kuandika juu ya vile vya mwanzo, au inatupa tu. Unakuja kugundua siku unapotaka kufungua picha, inakuja ya kijivu nusu. Pakua programu ya kupima flashi, H2testw, kwenye Windows, iache iijaze flashi yote na kuisoma tena, itakuambia ukweli. Inachukua muda mrefu, iache usiku.

Na hata flashi halali si kabati la kuwekea vitu miaka kumi. Ikikaa bila umeme muda mrefu kumbukumbu inafifia. Nunua diski ngumu ya kampuni inayojulikana, mbili, moja ikae kwa ndugu.

#23 Kijana wa Nyakato, 13 Mei
Nimeiacha usiku kucha. GB 14 na kitu. Nimebaki nimekaa kitandani. Asante sana fundi, picha bado zipo kwenye simu, sijafuta.

#24 Fundi Saketi, 13 Mei
Alhamdulillah. Sasa nirudi kwa mtoa mada. Hiyo simu ya maji unayo bado? Ni ya mwaka gani? Watu watakudanganya kwamba wanaweza kuing'oa kumbukumbu wakaisoma kwenye mashine. Kwa simu za zamani tulifanya hivyo. Hizi za sasa data imefungwa kwa ufunguo ulio ndani ya prosesa, ukiing'oa kumbukumbu peke yake unasoma takataka. Njia ni kuisafisha bodi, kutafuta shoti, kuifanya iwake hata dakika kumi tu. Mwaka mzima wa kutu, sikuahidi. Usiichomeke chaji.

#25 Mwana wa Kihamba, 14 Mei
Ninayo. Ilikaa kwenye gunia la mchele wiki nzima, nikaichomeka chaji mara nyingi tu. Ikanuka.

#26 Fundi Saketi, 14 Mei
Mchele hausaidii kitu, ndugu yangu. Sitaki kukupa tumaini la uongo.

#27 Dada Mchana, 14 Mei
Samahani naingilia. Simu ya mama mwenyewe iko wapi? Voisi alizotuma si zilirekodiwa kwenye simu yake?

#28 Nahodha wa Kivukoni, 14 Mei
Aisee.

#29 Kibarua wa Msimbo, 14 Mei
Dada Mchana amewapita mafundi wote humu. Ni kweli, kama ni Android, voisi unazotuma zinakaa kwenye folda ile ile ya unazopokea. Na akaunti kufutwa hakugusi mafaili yaliyo ndani ya simu.

#30 Mwana wa Kihamba, 15 Mei
Nimekosa usingizi. Simu ya mama anayo baba, Rombo. Aliiviringisha kwenye kipande cha kitenge chake akaiweka kabatini na vyeti vya shamba. Mwaka juzi mdogo wangu aliiomba aitumie, baba akakataa, tukadhani ni uzee. Na anainunulia vocha. Nilikuwa namuuliza ya nini, ananijibu, "Hiyo ni namba yake."

Sijui hata kama inawaka. Nitapanda mwezi ujao, kazini hawanipi ruhusa sasa.

#31 Fundi Saketi, 15 Mei
Sikiliza vizuri. Kabla ya kuiwasha itazame mgongo, kama betri imevimba usiichaji, itoe au iletwe kwangu. Ikiwaka, usiingize intaneti, usikubali kuapdeti chochote, usiifute WhatsApp kisha uiweke upya. Nenda na waya na laptop. Fungua Android, kisha media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, halafu folda ya Voice Notes. Ndani utakuta folda zimeandikwa mwaka na namba ya wiki, mfano 202306 ni wiki ya sita ya 2023. Kopi folda nzima, usianze kuchagua.

#32 Nahodha wa Kivukoni, 17 Juni 2025
Naufufua uzi kwa habari. Jana Meta wametangaza kwamba matangazo yanaingia WhatsApp, kwenye ule ukurasa wa Status na chaneli. Chaneli pia zitaweza kutoza ada ya mwezi. Wanasema kwenye meseji za watu hayaingii. Mzee wa Kaseti sogea karibu.

#33 Mzee wa Kaseti, 17 Juni
Nipo. Waliolianzisha hilo duka la WhatsApp, Jan Koum na Brian Acton, mwaka 2012 waliandika wazi kwa nini hawauzi matangazo. Enzi zile ilikuwa dola moja kwa mwaka, mkumbuke, ada ilikuja kuondolewa 2016. Facebook walitoa dola bilioni 19 mwaka 2014 kununua kampuni yenye wafanyakazi kama 55. Mlidhani hizo pesa ni sadaka? Acton akaondoka 2017, Koum 2018. Leo matangazo yako Status. Kesho yatakuwa wapi?

#34 Mkaazi wa Hamburg, 17 Juni
Huku Ulaya kuna sheria ya masoko ya kidijitali, DMA, wakubwa wamelazimika kuifuata tangu Machi 2024. Inaitaka WhatsApp iwafungulie mlango wenye programu nyingine, ili mtu aliye nje aweze kumwandikia aliye ndani, kama vile laini ya mtandao huu inavyompigia mwenye laini ya mtandao ule. Hilo likifanikiwa duniani kote, swali la nani atakufa linapoteza uzito. Barua pepe haijafa kwa sababu haina mwenyewe mmoja.

#35 Kijana wa Nyakato, 17 Juni
Hiyo ni sheria ya kwenu huko. Hapa tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi, imeanza kazi 1 Mei 2023, inazungumzia haki zako kwenye taarifa zako. Ya kufunguliana milango sijaisikia.

#36 Kibarua wa Msimbo, 18 Juni
Mnabishana kuhusu matangazo, mimi naogopa kingine. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, mashine za kujibu ndizo zinazomeza pesa na umeme wote. Seva zinazotunza voisi ya mama wa mtu hazileti faida, zinazofundisha mashine ndizo zinazotajwa kwenye kila mkutano. Nadhani hifadhi ya bure itabanwa zaidi kwa sababu hiyo. Na hata uzi kama huu, mtu atauliza mashine "flashi feki naijuaje", atapewa jibu la Fundi Saketi bila kufika hapa kumshukuru.

#37 Binti Makunduchi, 18 Juni
Na intaneti yenyewe je? Tarehe 12 Mei mwaka jana nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, siku ile nilipiga ya kijani, nikapiga ya buluu, Unguja kimya. Mwisho nikapiga simu ya kawaida ya dakika za kulipia. Mama akaniambia, "Kumbe na hii bado ipo."

#38 Nahodha wa Kivukoni, 18 Juni
Bado nasema WhatsApp itakuwepo 2045. Andikeni mahali.

#39 Mzee wa Kaseti, 18 Juni
Nimeandika kwenye karatasi. Maana sijui niandike kwenye programu ipi itakayofika huko.

#40 Mwana wa Kihamba (Rombo), 22 Juni
Wakuu, niko nyumbani. Nimefika jana jioni.

Baba hakutaka kwanza. Nikamweleza kwamba siichukui, naikopi tu, itarudi kabatini. Akaifungua kitenge mwenyewe, polepole, akaikunja pembeni. Betri haikuvimba. Tuliichaji robo saa ikawaka. Kufuli ni ya kuchora, nami sikuijua. Baba akanyoosha kidole akachora mara moja tu, ikafunguka. Hata yeye huwa anaifungua kumbe.

Folda zipo. Zinaanzia 2021. Mafaili 611. Nimeyaweka kwenye laptop na kwenye diski moja, ya pili nitanunua Moshi. Nyingine ni za vikoba, nyingine anaongea na shangazi Kirombo mpaka pumzi inaisha. Nimefungua moja tu mpaka sasa, ya sekunde 19, PTT-20230211-WA0004. Ananiuliza kama nimekula, na nyuma kuku wanasikika, na baba anakohoa.

Baba ameomba irudiwe. Tumeirudia mara tano. Dada Mchana, sijui niseme nini kwako.

#41 Dada Mchana, 22 Juni
Usiseme kitu kaka. Nimelia hapa dukani wateja wananiangalia.

#42 Fundi Saketi, 22 Juni
Mungu mkubwa. Hiyo diski ya pili usiinunue kwa machinga.

#43 Saida wa Gongo la Mboto, 22 Juni
Nimempigia kaka sasa hivi nimwambie simu ya marehemu bibi isiuzwe. Anasema iliuzwa Jumanne. Tunamtafuta aliyenunua, kuna fundi wa Buza anamfahamu.

#44 Mkaazi wa Hamburg, 23 Juni
@Mwalimu wa Kisauni, ile ya kumwandika mtu wa kupokea akaunti, kwa iPhone iko wapi? Mke wangu ananiuliza tangu jana.

#45 Mwalimu wa Kisauni, 23 Juni
Ipo tangu iOS 15.2. Fungua mipangilio, gusa jina lake juu, ingia sehemu ya usalama wa kuingia, utaona mahali pa kumwandika mrithi. Itatoa ufunguo mrefu wenye msimbo wa mraba. Uchapeni, mkauweke pamoja na vyeti.